Maswali ya Jumanne, Chumba cha Miguu

Kila Jumanne naosha miguu ya watu
katika zahanati ya Atlixco, chini ya mlima unaofuka moshi.
Maji ya uvuguvugu, sabuni isiyo na harufu,
taulo jeupe, jeupe makusudi,
lipate kusema damu ilipo.

Huku hawasemi mtu anaumwa. Husema: ana sukari,
kama mtu anavyokuwa na mgeni
aliyekuja kwa siku mbili
na sasa anajua funguo zinawekwa wapi.

Don Hermilo aliketi, akavua kiatu cha kushoto,
msumari ukadondoka sakafuni: ting.
Tukatazamana.
Alikuwa ametembea nao tangu Jumapili.
"Haukuniuma," alisema, kama anayejitetea.
Nikamwambia, mzee, huko kutouma ndiko kubaya.

Mwokaji mikate, miaka arobaini na mmoja,
kucha zake bado zina unga na mdalasini.
Nilipogusa kisigino, maswali yakamtoka
kama mkate unaotoka tanuri kabla ya saa yake.

"Ni lile tetemeko, sivyo? La Septemba.
Mnara wa kanisa ulianguka nikiutazama.
Crescencia alinipa kipande cha mkate nimeze woga,
nikameza, na kiu haijaniacha tangu siku ile."

Kila mtu hapa ana tetemeko lake:
mmoja ni basi lililopinduka, mwingine simu ya usiku wa manane.
Sikumcheka. Hofu hupandisha sukari, kweli,
ila hupanda ikashuka.
Kiu yako, nilisema, ilikuwa njiani kabla ardhi haijatikisika;
tetemeko liliukuta ukuta una ufa.

"Basi ni mikate yangu."
Mikate, ndiyo, na ile soda ya lita mbili mezani,
na kiti ulichokalia tangu mwanao ashike tanuri,
na mama yako, na baba wa mama yako.
"Yadira naye nimemwambukiza?"
Haiambukizi. Hurithiwa, tena nusu, kama nyumba ya ukoo:
msingi unaukuta, paa unaliezeka mwenyewe.
Alifikiri kidogo. "Paa la Yadira linavuja," alisema,
"anakunywa soda kuliko mimi."

Kisha akashusha sauti.
Wote hushusha sauti wakifika hapo.
"Na sindano? Mama alianza insulini mwezi wa Mei,
kufikia Krismasi hakuona tena nyuso zetu."

Niliacha kuosha.
Mama yako, Don Hermilo, alipewa sindano amechelewa.
Macho yalikuwa yanaungua miaka kumi bila moshi.
Mzima-moto alifika, akakuta majivu,
na mtaa mzima ukasema ndiye aliyewasha.

Mlangoni Crescencia alikohoa.
"Anaamka mara tano kukojoa," alisema.
"Na yale mengine... ya chumbani... nayo ni sukari?"
Mumewe akageukia bango la mboga ukutani
akalisoma lote, hadi jina la kiwanda cha uchapaji.
Nikasema ndiyo, nayo huenda ni sukari,
nayo yana daktari, na daktari amesikia makubwa kuliko hayo.

Nikakausha katikati ya vidole, kimoja kimoja.
Kidonda kilikuwa kidogo, kama punje ya hindi.
Figo tutazipima Alhamisi. Macho, mwezi ujao, Puebla.
Nikachukua ule uzi mwembamba wa kupimia.
Fumba macho. Nikigusa, sema.

Hapa, unasikia?
Kimya.
Hapa?
Kimya.
Hapa, chini ya kidole gumba?

Nje, kengele mpya ikagonga mara moja
katika mnara walioujenga upya.

"Nasikia," alisema Don Hermilo,
macho amefumba, uso umemchanua,
na mimi, uzi bado u hewani,
sijamgusa.